Kioo cha gari kikishika ukungu: anza na kidole, kitambaa baadaye

Masika yakianza tu, simu yangu inajaa swali moja. "Kaka, kioo cha mbele kinaweka ukungu. Napangusa, kinarudi. Nifanyeje?" Mara nyingi anayeuliza ndiyo kwanza kapata gari, IST au Noah iliyoshuka bandarini juzi, na amekutana na mvua yake ya kwanza barabarani. Lakini wapo pia wenye gari mwaka wa tano, na bado wanaendesha na kitaulo mapajani. Kujibu mmoja mmoja nimechoka, kwa hiyo haya hapa yote kwa pamoja.

Kama unasoma haya ukiwa safarini na mbele huoni, weka simu chini. Washa hazadi, tafuta pembeni palipo salama, simama, ndipo uendelee kusoma.

Ukungu unatoka wapi

Sitakaa hapa muda mrefu. Hewa ina maji usiyoyaona. Hewa ya joto hubeba mengi, ya baridi hubeba machache. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke. Ipoze hadi nyuzi 10, haibebi zaidi ya gramu 9 hivi. Yanayozidi hayana budi kushuka, na hushukia kitu chochote cha baridi kilicho karibu. Ndiyo maana soda ya baridi inatoka jasho mezani kwa mama lishe. Chupa haivuji, maji yale yametoka kwenye hewa.

Ndani ya gari mvuke unaletwa na wewe na abiria wako kwa kupumua, na koti lililolowa, mwavuli uliotupwa chini ya kiti, kapeti lenye unyevu, na kile kikombe cha chai. Nje mvua inapoza kioo. Hewa ya ndani ikigusa kioo, inaacha maji yake pale.

Pwani mambo hugeuka. Usiku wa Dar, Tanga au Mombasa nje kuna joto na unyevu, ndani umeweka AC ya kugandisha. Kioo kinapoa kutokea ndani, na ukungu unashika nje. Watu hupangusa ndani mpaka mkono unauma, na kioo hakibadiliki hata chembe, kwa sababu wanapangusa upande usiohusika.

Andaa haya kabla hujaingia barabarani

- Vitambaa viwili safi vya maikrofaiba. Ukikosa, fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo inafaa. Kitambaa cha kufutia dashibodi kisiguse kioo.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chupa ya kupulizia na maji safi.
- Tochi, hata ya simu.
- Dakika kumi za kukaa kwenye gari limesimama, ukijua kila kitufe kinafanya nini.

Hilo la mwisho ndilo watu wanalipuuza. Magari yetu mengi yametoka Japani na baadhi ya maandishi hatuyasomi, ila picha ni zile zile. Tafuta vitufe vinne. Chenye umbo la kioo lililopinda kwa juu, na mishale ya mawimbi inayopanda, ni cha kioo cha mbele. Chenye mstatili na mishale kama hiyo ni cha kioo cha nyuma. Chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake kinafungia hewa ya nje na kuizungusha hiyo hiyo ya ndani. Kwenye magari mengine ni kiswichi cha kusukuma kushoto na kulia, na upande wa pili mshale unatoka nje kuingia ndani. Cha nne ni A/C yenyewe. Bonyeza kimoja kimoja mchana, uone taa ipi inawaka na upepo unatokea wapi. Usiku wa mvua si wakati wa kujifunza.

Usifanye zoezi hili injini ikiwaka ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa gari unaua bila kukohoza mtu.

Kuondoa ukungu, hatua kwa hatua

1. Punguza mwendo. Ondoa mguu kwenye mafuta na ongeza nafasi kati yako na gari la mbele. Kama huoni mstari wa barabara, simama.

2. Gusa kioo kwa kidole, kwa ndani. Kidole kikiacha alama na kikatoka na maji, ukungu uko ndani: endelea na hatua ya 3. Kidole kikitoka kikavu na ukungu upo pale pale, uko nje: ruka mpaka sehemu inayofuata. Jaribio hili ni la sekunde mbili na linakuokoa na robo tatu ya makosa.

3. Ruhusu hewa ya nje iingie. Zima kile kitufe chenye mshale unaozunguka. Kwetu hiki ndicho chanzo namba moja, na sababu yake ni vumbi. Umepita barabara ya udongo, lori liko mbele yako, ukafunga hewa ya nje. Ulifanya vizuri. Kisha ukaingia lami ukasahau, wiki mbili zikapita, mvua ikanyesha, nanyi watu watano mnavuta na kutoa pumzi ile ile.

   Watu huniambia, "Lakini nje mvua inanyesha, si nitaingiza unyevu zaidi?" Hapana. Hewa ya nje kwenye baridi ina maji machache kuliko hiyo mliyoipumua ndani, na ikipashwa moto njiani inakuwa na nafasi ya kubeba mengine.

4. Washa AC. Ndiyo, hata kwenye baridi. Hapa ndipo ubishi unapoanza, nami nilikuwa mbishi vile vile. Mwaka fulani natoka Tukuyu kwenda Mbeya usiku, abiria wanne wamelowa chapachapa na mikungu miwili ya ndizi iko buti. Baada ya kona chache kioo kikawa cheupe kama maziwa. Nikapangusa kwa kiganja. Lori likaja mbele na taa zake zikatawanyika kwenye mistari ya vidole vyangu, nikawa sioni lori wala barabara. Nikasimama Kiwira, moyo uko mdomoni. Mzee mmoja dereva wa lori aliyekuwa anakagua matairi yake akanisogelea.

   "Kijana, umewasha AC?"

   "Shikamoo mzee. Baridi yote hii niwashe AC?"

   "Marahaba. AC si ya baridi tu, inakausha hewa. Washa, halafu weka na hita."

   Nikawasha kwa adabu tu. Ukungu ukaanza kufunguka chini, pale juu ya dashibodi, ukapanda polepole kama mtu anakunja pazia. Dakika mbili tatu hivi, nikaona barabara yote.

   Maelezo yake ni mafupi. Ndani ya mfumo wa AC kuna kifaa kama rejeta ndogo ya baridi. Hewa ikipita hapo, maji yake yanashikamana na ile baridi na kudondokea chini ya gari. Yale maji unayoyaona chini ya uvungu ukipaki baada ya kutumia AC ndiyo ukungu ambao haukufika kwenye kioo. Na wanaoogopa kwamba AC inakula mafuta: ni kweli inakula kidogo. Lakini ukigonga kwa kutoona, bodi na rangi bei yake unaijua.

5. Elekeza upepo kwenye kioo, feni juu. Bonyeza kitufe cha kioo cha mbele na upeleke feni karibu na mwisho. Kwenye magari mengi kitufe hicho kinafanya hatua ya 3 na ya 4 chenyewe. Usikiamini kwa upofu, angalia kama taa ya A/C imewaka.

6. Ongeza joto kadiri injini inavyopata moto. Hita inakopa joto la maji ya injini, kwa hiyo dakika za mwanzo itapuliza baridi tu. Usisubiri. AC inaanza kazi mapema, hita itafuata. Joto na AC kwa pamoja ndiyo dawa kamili: moja inakausha hewa, nyingine inapasha kioo.

7. Teremsha dirisha kidogo, sentimita mbili tatu, hasa kama mmejaa au kama gari halina AC. Dirisha la mbele na la nyuma upande wa pili, hewa ipite mshazari. Mtalowa kidogo. Vumilieni.

8. Washa kioo cha nyuma. Ile mistari myembamba kwenye kioo ni nyaya zinazopata moto. Ziache dakika kumi hivi. Magari mengi huzizima yenyewe.

9. Ukungu ukiisha, usizime AC papo hapo. Punguza feni, punguza joto upendavyo, AC iache. Ukiizima, maji yaliyobaki kwenye ile rejeta ya baridi yanageuka mvuke tena, na upepo unayapeleka moja kwa moja kiooni. Kioo kinafunga ghafla, kibaya kuliko mwanzo. Wengi wamenipigia wakisema "AC yenyewe ndiyo inaleta ukungu". AC haina kosa, aliyeizima njiani ndiye kauleta.

Ukungu ukiwa nje

1. Piga waipa mara moja au mbili. Utaona papo hapo.
2. Ondoa upepo wa baridi kwenye kioo. Uelekeze usoni au miguuni.
3. Punguza ubaridi. Nyuzi 24 au 25 zinatosha, gari si lazima uligeuze friji la bucha.
4. Vioo vya pembeni vifute kwa nje kabla ya kuondoka. Kama gari lina kitufe cha kuvipasha moto, mara nyingi kimeunganishwa na kile cha kioo cha nyuma.

Hapa kuna mtego: ukibonyeza kitufe cha kioo cha mbele huku umeweka baridi kali, unazidi kukipoza kioo na ukungu wa nje unaongezeka. Ndiyo sababu tumeanza na kidole. Dalili nyingine ni miwani: kama unaposhuka garini miwani yako inapiga ukungu, basi na kioo cha gari kitashika nje.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kupangusa kwa kiganja. Mkono una mafuta. Leo umepata tundu la kuchungulia, kesho ukungu unashika pale pale ulipopangusa, na taa za usiku zinatawanyika. Ikibidi kupangusa, tumia kitambaa kikavu na usimamishe gari.

Kumwaga maji ya moto. Njombe na Makete mwezi wa 6 na wa 7, kioo huamka na barafu nyembamba juu. Mtu anatoka na birika. Kioo cha baridi kikipigwa na maji ya moto kinaweza kupasuka pale pale, na birika halilipi kioo. Washa injini, weka hita kwa upole, kwangua kwa kadi ya plastiki. Kufunika kioo jioni kwa turubai au boksi kunakupunguzia kazi yote hiyo.

Kukwangua kioo cha nyuma kwa wembe kwa ndani. Zile nyaya zimebandikwa juu ya kioo, ukikata moja, mstari wote unakufa. Hata wabandua tinti huziua, kwa hiyo simamia mwenyewe.

Viazi, povu la kunyolea, shampuu. Vyote nimejaribu. Vinafanya kazi kwa sababu vinaacha utando unaotandaza maji yasiwe vitone. Siku mbili tatu unafurahi, kisha utando wenyewe unakuwa uchafu. Kiazi kinaacha wanga, na taa za gari la mbele zinakuwa na mkia. Mimi hubaki na sabuni ya vyombo, matone mawili.

Osha kioo kwa ndani, mara moja kwa mwezi

Ukungu unapenda kioo kichafu. Dashibodi ikipigwa na jua hutoa mvuke wa plastiki unaotanda kiooni, na zile dawa za kung'arisha dashibodi zinaongeza mafuta juu yake. Mvuta sigara ndiyo usiseme. Mulika kioo kwa tochi, kwa pembeni, usiku: utaona utando wa kijivu ambao mchana huuoni.

1. Paki kivulini. Kioo kikiwa cha moto sabuni inakaukia juu na kuacha madoa.
2. Changanya nusu lita ya maji na matone mawili ya sabuni ya vyombo. Matone mawili. Wanaoweka kijiko ndio wanaorudi kuniambia kioo kimekuwa kibaya zaidi.
3. Lowanisha kitambaa, usipulizie kioo moja kwa moja. Maji yakitiririka kwenye dashibodi yanaingia kwenye matundu ya upepo na umeme.
4. Futa toka juu kwenda chini. Usisahau ile kona ya chini kabisa ambako mkono haufiki. Geuza kiganja, utafika.
5. Rudia kwa maji matupu, kisha kausha kwa kitambaa cha pili. Gazeti kuukuu linamalizia vizuri.
6. Kioo cha nyuma futa kushoto kwenda kulia, kufuata zile nyaya.
7. Pumulia kioo "haaa". Ukungu wa pumzi ukiisha haraka na sawasawa, kioo ni safi. Ukibaki kwenye mistari, rudia.

Kama vioo vina tinti, epuka dawa za vioo zenye amonia. Zinaharibu ile karatasi, inaanza kuwa ya zambarau na kutoa mapovu.

Na jua lipo, halidai hela. Siku ya jua baada ya mvua, toa kapeti zote, fungua milango, acha gari likauke saa moja. Soksi iliyojaa chumvi au mkaa chini ya kiti inasaidia kidogo usiku, ila haiwezi kushinda kapeti lililolowa.

Umefanya yote na bado kinashika ukungu

*Feni inavuma kwa sauti, upepo ni kidogo.* Angalia filta ya AC. Kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya boksi la dashibodi, upande wa abiria, na unaitoa kwa mikono mitupu. Niliwahi kulipia kujazwa gesi mara mbili kwa fundi mmoja kabla sijaitazama filta mwenyewe. Ilikuwa na vumbi jekundu, majani na kiota cha panya. Gesi haikuwa na shida hata siku moja.

*AC imewaka lakini hakuna tofauti.* Endesha dakika 20 siku yenye unyevu, paki, chungulia uvunguni. Pasipodondoka maji, ama kompresa (pampu ya gesi ya AC) haivuti ama bomba la kutolea maji limeziba. Nenda kwa fundi wa AC na umwambie hivyo hivyo. Ila kwenye baridi inayokaribia nyuzi 0, magari mengi huzuia kompresa isiwake. Hapo tegemea hita na hewa ya nje.

*Kapeti la abiria wa mbele limelowa, maji ni meupe na hayanuki.* Bomba la maji ya AC limeziba na maji yanarudi ndani. Ni kazi ndogo.

*Limelowa, maji yanateleza, yana rangi, kuna harufu tamu, na kioo kina utando wa mafuta unaorudi ukifuta.* Hiyo ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayovuja kwenye rejeta ndogo ya hita. Usiahirishe, maji ya injini yanapungua na injini itachemka. Kiwango kikague injini ikiwa ya baridi. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kikiwa cha moto. Kulanti ni sumu, watoto na mbwa wasiiguse.

*Gari likilala nje mvua ikinyesha, asubuhi vioo vyote ni vyeupe kwa ndani.* Maji yanaingia mahali. Anza chini ya waipa: majani ya mwembe na mjohoro huziba matundu ya kutolea maji, na maji yakikosa njia yanaingia kwako. Kisha kagua mipira ya milango, na buti chini ya tairi la akiba. Nyanyua kapeti kabisa, kwa sababu sponji la chini yake linashika maji wiki nzima huku juu pakionekana pakavu. Likanyage juu ya magazeti, badilisha magazeti, kanyaga tena, halafu lianike.

*Kioo cha nyuma kinafunguka mistari michache tu.* Ile isiyofunguka imekatika. Subiri kishike ukungu, washa, uweke alama kwa kalamu ya kioo pale ukungu unapogoma. Yapo maduka ya spea yanayouza rangi inayopitisha umeme ya kuunganishia. Mistari yote ikiwa imekufa, tazama fyuzi kabla ya kumlipa mtu.

*Ukungu uko ndani ya taa za mbele.* Ukungu mwembamba unaoisha taa zikiwaka ni wa kawaida. Maji yakikusanyika chini kama bakuli, mpira wa nyuma ya taa umekufa au plastiki imepasuka. Itoe, ikaushe, funga mpira mpya.